Mpira Mwekundu kwenye Bustani Kavu ya Dar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikishanyesha mara mbili tatu, wapita njia wa kichochoro chetu huku Goba huanza kusimama getini. Wanaona ardhi iliyojaa majani makavu ya mwembe, na katikati yake mpira wa maua wa rangi ya damu umesimama juu ya kijiti, bila jani hata moja. Wengine hupiga picha wakaenda zao, wengine hubisha hodi. Maswali yao yamekuwa yaleyale miaka yote, ndiyo maana nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Swali lenye mambo mengi limepata jibu refu, na lile jepesi limepata sentensi mbili.

Huu ni mmea gani hasa? Mbona naukuta na majina mawili?

Jina la kitaalamu ni *Scadoxus multiflorus*. Mwaka 1795 ulitangazwa kwa wanasayansi kwa jina la *Haemanthus multiflorus*, na jina hilo la zamani bado limeng'ang'ania kwenye vitabu na vibao vya bustani. Mwaka 1976 wataalamu wa mimea Ib Friis na Inger Nordal walilichambua upya kundi zima wakaligawa. *Haemanthus* ikabaki na mimea ya kusini mwa Afrika yenye majani mazito, na huu wetu wenye majani mepesi ukaingia *Scadoxus*. Kwa hiyo ukikuta majina yote mawili mtandaoni, ujue ni mmea mmoja.

Kwa uainishaji wa sasa uko ukoo mmoja na kitunguu maji na kitunguu saumu. Chini ya ardhi una kitunguu kweli, cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Lakini usithubutu kukitia sufuriani, na hilo nitalieleza mbele.

Mtaani kwetu tunauita mpira mwekundu, na jina hilo ndilo nitakalotumia. Huo mpira nao si ua moja. Ni vijiua vidogo vingi, kuanzia kumi hadi 200 kwenye kijiti kimoja, kila kimoja na petali sita nyembamba kama uzi na nyuzi sita za chavua zenye vichwa vya njano. Kuna mwaka nilikaa na kikombe cha chai nikaanza kuvihesabu. Nilipofika tisini na kitu mtoto akaniita, hesabu ikaishia hapo.

Huu nimeuona Lushoto, tena kwenye baridi. Dar na joto hili utakubali?

Utakubali. Mimi mwenyewe niliuona mara ya kwanza kwenye ile barabara ya kona kona inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, umejichomeka kwenye mwamba chini ya miti, na kwa muda mrefu niliamini ni mtoto wa milima ya Usambara asiyeweza kuteremka. Kumbe unaota sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara na hadi Bara Arabu, kuanzia nyanda za chini hadi juu milimani. Unapatikana kwenye vichaka vyenye kivuli, kando ya vijito, kwenye vichuguu vya mchwa, na kwenye nyufa za mawe ambako hata mhogo ungekataa.

Mmea mmoja unawezaje kuishi mahali tofauti hivyo? Jibu ni kwamba unalala. Mvua zikikatika, majani huwa ya njano na kuanguka, na kila kitu kinarudi ndani ya kitunguu. Hapo hauhitaji maji, hauhitaji mwanga, wala hauhitaji wewe. Milimani unalala, pwani unalala, kwenye nchi kavu za Sahel unalala. Kinachobadilika ni miezi tu. Ukiuelewa usingizi huu umeshaumudu mmea wenyewe, na karibu kila kosa nililoliona kwenye bustani za watu, pamoja na yangu, ni la kuuamsha kabla ya wakati wake.

Ila kitunguu kilicholetwa kutoka mlimani kinaweza kupoteza hesabu ya miezi mwaka wa kwanza. Changu cha kwanza kilitoa majani matupu mwaka mzima. Usikifukue kukichungulia.

Kwetu maji ni ya mgao, na bustani haina bomba. Nijisumbue kweli?

Bustani ya namna hiyo ndiyo inayoufaa. Kwenye mabustani yenye bomba la kuzunguka na nyasi za kumwagiliwa kila jioni, mpira mwekundu huoza. Nimeshuhudia hayo kwa jirani mmoja mwenye ukoka mzuri kuliko wote mtaani. Alipanda vitunguu vinne katikati ya nyasi zake, na kufikia mwezi wa nane vilikuwa vimelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Dar inapata mvua kama milimita 1,100 kwa mwaka, nyingi zikishuka kwenye masika na zilizobaki kwenye vuli. Kwa mmea huu mvua hiyo inatosha kabisa. Maji ya dumu yanahitajika kwa wiki chache tu, nazo si zile ambazo watu wengi wanazidhania.

Basi nimwagilie lini, na niache lini?

Twende na mwaka wa Dar ulivyo.

Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ndipo unapoamka. Mvua ya kwanza ya maana ikilowesha ardhi, utaona ncha inachomoza kama pua ya brashi. Ndani ya siku chache kijiti kimeshapanda na mpira umefunguka. Ua lenyewe linadumu wiki moja, likibahatika kivuli kizuri wiki mbili. Majani hufuata pamoja nalo au nyuma yake kidogo, yakiwa yamejikunja kama shina la mgomba mdogo, na mara nyingi shina hilo lina madoadoa ya zambarau. Mvua ikikawia sana, unaweza kuuamsha kwa maji ya ndoo mwishoni mwa Oktoba. Kuna vitunguu vyangu viwili vikaidi vinavyosubiri masika kila mwaka, nami nimeviacha na tabia yao.

Halafu inakuja Januari na Februari. Kaskazi inavuma, jua linachoma, mvua hakuna, na mmea uko na majani yake yote. Hapa ndipo penye mtego wa Dar. Mikoa yenye msimu mmoja wa mvua haina tatizo hili, maana kule ukiamka unakunywa mfululizo hadi ulale. Huku kwetu unaamshwa na vuli, unakatishwa na kiangazi, kisha unamwagiwa masika. Ukiuacha ukauke kabisa Januari, unaweza kuangusha majani mapema, na kitunguu kitakuwa kimekosa miezi ya kujijaza chakula. Mwakani utapata ua dogo au usipate kabisa. Kwa hiyo dumu lako litumie hapa. Mimi nampa kila mmoja jagi moja, mara mbili kwa wiki, jioni, kwenye mguu wa mmea na sio juu ya majani. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga sitii. Yaliyooshea mboga na mchele natia.

Masika, Machi hadi Mei, mwachie Mungu. Kazi yako ni kuangalia maji yasituame.

Juni mambo yanageuka. Kipupwe kinaingia, majani yanaanza unjano kwenye ncha. Acha kumwagilia. Usipunguze kidogo kidogo kwa huruma, acha. Kuanzia Juni hadi Septemba ardhi ile iwe kavu. Mwaka wangu wa pili nilisafiri Julai, nikamwachia binti wa nyumbani maagizo amwagilie maua yote kila siku. Akafanya kazi yake kwa uaminifu, na niliporudi nilikuta vitunguu sita kati ya tisa vimeoza. Kosa lilikuwa langu, nilisema "yote". Tangu hapo kila kitunguu kilicholala nakichomekea kijiti chenye kitambaa chekundu, maana yake: pita.

Majani yamekuwa ya njano mwezi wa sita. Unakufa?

Unalala. Usiyakate majani hadi yakauke yenyewe na kuachia ukivuta kidogo. Unjano ule ni chakula kinachorudi ndani ya kitunguu.

Unjano wa Desemba, wakati mvua inanyesha, ni habari nyingine. Huo ni maji yaliyotuama, au mdudu.

Udongo wa kwetu ni mchanga mtupu. Wa kwetu ni mfinyanzi. Tufanyeje?

Dar ni jiji la udongo wa aina nyingi, na ushauri wa Mbezi Beach haufai Pugu.

Mchanga wa pwani, kuanzia Kunduchi hadi Kigamboni, una jambo moja zuri: maji hayakai. Tatizo ni kwamba na chakula hakikai. Chimba shimo la futi moja, changanya mchanga uliotoa na mboji au samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita, nusu kwa nusu, kisha panda. Kila Oktoba ongeza sado moja ya samadi juu ya ardhi bila kuchimbua.

Sehemu za ufukweni zenye mawe ya matumbawe, udongo una chokaa nyingi na majani huwa yanapauka. Huko nashauri upande kwenye chombo, uachane na kupigana na mwamba. Na wa Kigamboni wanaotumia kisima: onja maji kwanza. Yakiwa na chumvi ya kutambulika mdomoni, yaweke kando, kinga maji ya mvua kwenye mabati wakati wa vuli uyahifadhi kwa ajili ya Januari.

Mfinyanzi ndio mgumu. Vilima vya kwetu Goba, Kimara na kuelekea Kisarawe vina sehemu zenye udongo unaonata kwenye kandambili hadi unatembea umevaa tofali. Usichimbe shimo ukalijaza mboji, maana shimo hilo litakuwa beseni la kuhifadhia maji ya masika. Inua tuta. Weka kokoto au vipande vya matofali chini, juu yake mchanganyiko wa udongo, mchanga wa mto na mboji, tuta lifike magotini kama unaweza. Mteremko nao ni mali. Mimi vyangu bora viko ukingoni mwa ngazi za kushukia chooni, mahali ambapo hakuna kitu kingine kilichowahi kukubali.

Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa yanafaa kuchanganya kwenye udongo, ila yaloweke kwanza na kumwaga maji yake ya kwanza. Pumba za mpunga nazitumia kama matandazo, nyembamba tu, na naziondoa Juni ili ardhi ikauke.

Kitunguu kizame kiasi gani?

Shingo ibaki nje. Kitunguu kizima kiwe ardhini, shingo yake iwe sawa na uso wa ardhi au ichungulie kidogo. Watu wanakizika kama muhogo halafu wanalalamika hakitoi ua.

Kati ya kitunguu na kitunguu acha shibiri moja na nusu. Na ukishapanda, usikihamishe hamishe. Mizizi yake ni minene na inachukia kuguswa, na kikiguswa kinaweza kununa msimu mzima.

Sina uwanja, niko ghorofani. Ndoo itafaa?

Itafaa, na kwa kweli kwenye ndoo ni rahisi zaidi kuudhibiti usingizi. Ndoo ya lita 10 iliyotobolewa matundu sita au saba chini inachukua kitunguu kimoja kikubwa au viwili vidogo. Usichague chombo kikubwa kupita kiasi, kwa sababu udongo mwingi unaozunguka kitunguu kidogo unakaa na unyevu muda mrefu. Chungu cha udongo ni bora kuliko plastiki maana kinapumua, lakini Januari kitakuomba maji kila baada ya siku mbili.

Juni ndoo ihamishie mahali pasipofika mvua, chini ya ngazi au pembeni mwa baraza, uisahau. Kuna anayeniambia ameiweka juu ya kabati la jikoni. Sawa tu, ilimradi mke wake, asiyejua ni nini kilicho ndani, asije akakikatia kachumbari.

Jua kali au kivuli?

Jua la asubuhi, kivuli cha mchana. Chini ya mwembe, mkungu au mwarobaini ni pazuri. Jua la saa nane la Dar linaunguza majani na kulimaliza ua siku nne. Kwenye kivuli kizito cha ukuta ambako hata saa nne hakuna mwanga, utapata majani marefu yaliyolegea na ua hakuna.

Miaka mitatu sasa napata majani tu. Nimekosea wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi muulizaji ameshakasirika. Nikifika kwake naangalia mambo kwa mpangilio huu.

Kwanza namuuliza Julai alifanya nini. Kama mmea haukupata miezi mitatu ya ukavu, hakuna haja ya kuendelea na maswali. Kuna bustani ambazo hakuna anayeumwagilia, lakini uko njiani mwa maji ya bomba la kiyoyozi linalodondosha matone usiku kucha. Hilo nililigundua kwa mama mmoja wa Mikocheni baada ya kuzunguka uwanja wake kama fundi bomba.

Pili nafukua kidogo kwa kidole nione shingo iko wapi.

Tatu naangalia ukubwa. Kitunguu chembamba kuliko limao hakina akiba ya kutoa ua. Kinahitaji msimu mwingine wa kula. Hapo ndipo mbolea inaposaidia, wakati majani yako hai, kuanzia Novemba hadi Aprili. Samadi iliyoiva inatosha. Ukitaka ya dukani, kijiko cha chai cha NPK kwenye lita tano za maji mara moja kwa mwezi. Samadi mbichi ya kuku itakuunguzia mizizi.

Nne, nani alikata majani? Vijana wa kufyeka nyasi hawachagui. Majani ya mpira mwekundu yakifyekwa Februari, umefyeka na ua la Novemba.

Na mwisho, je, ulihamishwa mwaka huu? Kama ndiyo, mpe muda. Ikumbukwe pia kwamba kitunguu kimoja hutoa kijiti kimoja kwa msimu. Ukilikosa ua kwa sababu ulikuwa safarini siku hizo kumi, utadhani halikutoka.

Kuna viwavi weusi wenye madoa wamekula mmea wote kwa usiku mmoja!

Hao ni watoto wa nondo aitwaye *Brithys crini*, mtaalamu wa kula ukoo huu wa mimea. Mama hutaga mayai kwa mafungu kwenye jani, yakianguliwa wanaingia ndani ya jani lenyewe na kula wakiwa wamejificha, na unapowaona nje wameshanenepa. Wasipozuiwa wanateremka hadi kwenye kitunguu. Dawa yangu ni macho: kila jioni ya Novemba na Desemba napitisha tochi chini ya majani. Nikikuta jani lenye sehemu inayoonekana kama karatasi iliyolowana, nalikata na kulichoma. Wakubwa nawaokota kwa kijiti na kuwatia kwenye maji ya sabuni. Maji ya mwarobaini yaliyotwangwa yanasaidia wakiwa wadogo; wakishakuwa na urefu wa kidole ni kama unawanywesha sharubati.

Konokono wakubwa wa masika hupenda chipukizi changa. Waokote usiku. Vidung'ata, wale weupe kama pamba kwenye makutano ya majani, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwa lita moja, na uangalie sisimizi, kwa kuwa wao ndio wanaowalinda na kuwahamisha.

Ni kweli una sumu?

Kweli, na hapa sifanyi mzaha. Mmea wote una sumu, kitunguu kikiwa kibaya zaidi. Ndani yake mna kemikali ziitwazo alkaloidi, mojawapo ni likorini, inayosababisha mate mengi, kutapika na kuhara. Kuna sehemu za Afrika ambako mmea huu umetumika kutengenezea sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Mbuzi nao hudhurika.

Hatari kubwa kwenye nyumba zetu ni kufanana. Kitunguu kilichofukuliwa kikawekwa dirishani jikoni kinafanana sana na kitunguu maji cha sokoni, isipokuwa hakinuki kitunguu. Kwa hiyo vitunguu vya maua havilali jikoni hata usiku mmoja. Matunda yake mekundu yanayong'aa yanawavutia watoto wadogo. Kama una mtoto anayetambaa, kata kijiti mara ua linaponyauka kabla halijazaa. Ukikata au kugawa vitunguu vaa glovu au mfuko wa nailoni mkononi, kisha nawa.

Mtu akila, usimlazimishe kutapika wala usimpe dawa ya kubahatisha. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu mara moja, na ubebe kipande cha mmea wenyewe ili mhudumu aone.

Nipate wapi kitunguu? Pugu si vimejaa?

Pugu usiguse. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 huwezi kuingia hifadhini ukatoka na mmea bila kibali. Hata nje ya sheria, kitunguu kilichong'olewa na mizizi iliyokatika kikiwa kwenye ua mara nyingi hufa. Utakuwa umeharibu huko na hujapata huku.

Uliza kwa watu wenye bibi wenye nyumba za zamani. Nyumba nyingi za miaka mingi, na za mikoani, zina fungu nyuma ya choo au chini ya mwembe ambalo hakuna anayelijali, na mwenyewe atakupa kwa furaha. Vitalu vya miche vya kando ya barabara huwa navyo kwa msimu. Ushauri wangu: nunua ukiwa na ua au jani, usinunue kitunguu kikavu kisichokuwa na ushahidi. Niliwahi kuuziwa vitunguu vitatu "vya mpira mwekundu, mama, nakuhakikishia". Viwili vilitoa maua meupe mazuri ya jamii nyingine. Cha tatu kilikuwa kitunguu maji. Hicho nilikula baada ya kukinusa vizuri sana.

Naweza kupanda mbegu?

Unaweza, kama huna haraka. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni miaka mitatu hadi mitano. Subiri tunda liwe jekundu kabisa na laini, limenye, osha nyama yote, na panda siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu mbegu zikikauka hazifai. Ibonyeze juu ya udongo wenye mchanga nusu yake ionekane, weka kivulini, udongo uwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Itatoa kwanza mkia mweupe unaojichimbia na kuvimba chini, ndicho kitunguu kichanga. Jani litafuata. Mwaka wa kwanza vichanga usivilazimishe ukavu mkali. Vipe tone mara moja moja hata Julai.

Njia ya pili ni vitoto vinavyoota ubavuni mwa kitunguu mama. Haviongezeki kwa kasi. Vitenganishe mwishoni mwa usingizi, Septemba hivi, acha kidonda kikauke siku mbili kivulini, upande.

Na yale maua ya Kitulo? Nimeyaona kwenye picha, nayataka.

Yaende ukayaone kule. Uwanda wa Kitulo, huko Nyanda za Juu Kusini, uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, usiku wa Juni na Julai barafu hutanda kwenye nyasi, na mimea ya pale imejengwa kwa hali hiyo. Dar tunaita baridi tukifika nyuzi 19. Ukiuteremsha mmea wa aina hiyo, utapukutika.

Tena Kitulo ina historia yake ya kuchimbwa. Viazi vya maua ya huko yaitwayo okidi vilikuwa vikifukuliwa kwa magunia na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na hifadhi ya taifa ilipotangazwa mwaka 2005 ulinzi wa maua hayo ulikuwa sababu kubwa. Kuna okidi za aina zaidi ya 40 pale. Nenda kati ya Desemba na Aprili, beba sweta, rudi na picha.

Ukitaka mwenzake mpira mwekundu aliyezoea joto, mtafute *Gloriosa superba*, yule mtambaaji mwenye maua ya moto yaliyopinduka kama taa. Anaota pwani yetu, naye analala kiangazi. Ana sumu kali kuliko huyu, kiazi chake kimeua watu waliokidhania chakula, kwa hiyo mpande penye uzio. Na waridi la jangwani unalijua tayari.

Ua likikatwa linakaa kwenye chombo?

Siku tano hadi saba. Badilisha maji kila siku, na mwaga maji hayo mahali ambapo paka hatakunywa.

Mimi ni mpangaji. Nikihamishwa ghafla je?

Omba mwenye nyumba akuhamishe Agosti. Nasema kwa utani, lakini kweli ule ni mwezi mzuri. Kitunguu kilicholala kinafukuliwa na udongo wake kidogo, mizizi ikiachwa ilivyo, kinafungwa kwenye gazeti na kupangwa kwenye boksi lenye matundu. Kinakaa hivyo wiki kadhaa bila shida. Usifunge kwenye nailoni. Andika juu ya boksi kwa kalamu nene, "MAUA, SI CHAKULA".

Mimi nilipohama Kimara kuja huku, boksi langu lilisukumwa chini ya kitanda likasahaulika kwa sababu ya pilikapilika za mafundi. Mwanzoni mwa Novemba mvua ikanyesha usiku kucha juu ya mabati mapya. Wiki iliyofuata nilikuwa natafuta viatu vya mtoto, nikalivuta lile boksi, na kati ya magazeti ya mwezi wa nane kulikuwa na ncha tatu nyekundu zimeshatoboa karatasi, moja imejikunja kwa kukosa nafasi. Nilizipanda jioni ile ile. Iliyojikunja ilichanua imeinama upande, na kila mwaka tangu hapo imechanua wima.